Mheshimiwa wa Tabata

Aliletwa kwenye mfuko wa nailoni, wa aina ile iliyopigwa marufuku,
umefungwa kwa mpira wa nywele,
maji kikombe kimoja na yeye ndani,
rangi ya chungwa la kwenye kitabu cha chekechea,
si chungwa la Muheza, ambalo huiva na ukijani wake.
Tunu alimshinda Sabasaba kwa kurusha pete tatu kwenye shingo za chupa.
"Wenzangu walipata beseni," akasema.
Na mimi, sitaficha, nilitamani beseni.

Tukamtia kwenye chupa ya pipi, juu ya kaunta ya duka la dawa,
kati ya dawa ya kikohozi na mizani ya watoto.

"Analiwa huyu?"
Kila mteja huanzia hapo, kabla hata ya kuumwa.
Bi Sikudhani, anayekaanga vibua pale kona,
alimpima kwa jicho la kazi:
"Huyo hata hela ya mafuta hairudi."

Tunamwita Mheshimiwa
kwa sababu anafungua mdomo kutwa nzima
na sisi huku nje hatusikii kitu.

Tunu anataka bakuli la duara. Kwenye katuni ni duara, siku zote,
na paka kazamisha mkono hadi kiwikoni.
Kwenye tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili
tajiri akitaka kumdhulumu ndugu yake
husimama kwanza mbele ya tangi, mikono nyuma,
samaki wa dhahabu wakimpita usoni mmoja mmoja.
Sisi tuna chupa ya pipi. Bado imeandikwa "Ndimu" ubavuni.
Na ule msemo wa samaki kukunjwa angali mbichi
humu hauna kazi: anajikunja mwenyewe, kila mita ni kona.

Nimejifunza mambo ambayo sikuyaomba.
Kwamba maji ya bomba yana dawa inayomchoma matamvua,
lazima yalale kwenye ndoo, wazi, hadi asubuhi.
Mimi niliyeuza vidonge vya kutia dawa maji miaka kumi na mmoja
sasa nakaa nasubiri dawa itoke.

Wanasema kumbukumbu yake ni sekunde tatu.
Tunu kaambiwa na mwalimu, mwalimu kaambiwa sijui na nani,
dunia nzima inaisema na kucheka.
Sawa. Lakini nikigusa kopo la chakula chake
anapanda juu kabla sijafungua.
Nikigusa kopo la pamba, hajisumbui.
Wakati Mzee Kihwele, mwenye elfu kumi na nane na mia tano
kwenye daftari langu tangu mfungo,
hunisalimu kila siku kama mgeni aliyeshuka leo.

Februari, usiku, umeme ukakatika.
Feni ikazunguka kwa mazoea, ikakoma.
Nalala chumba cha nyuma; nikasikia
kitu kidogo kama busu, kama busu, kama busu.
Nikawasha tochi ya simu. Mheshimiwa yuko juu kabisa,
anakula hewa, ubavu umeanza kulala.

Nikachukua kikombe cha kupimia dawa ya watoto.
Nachota, nainua, namwaga kutoka juu ili maji yavute hewa.
Nachota. Mililita tano, mililita tano.
Nilihesabu hadi mia nne, nikasahau, nikaanza upya,
na hapo nikamkumbuka aliyesema sekunde tatu.

Saa kumi na nusu Bi Sikudhani akapita na ndoo zake, anaenda Feri.
Akauona mwanga, akachungulia kwenye nondo.
Nikangoja anicheke.
"Fungua," akasema. Akatua ndoo, akaninyang'anya kikombe.
"Kalale kidogo. Mkono wako unatetemeka."

Nikamsikia kwa mbali, maji yakidondoka, yakidondoka,
naye akimnong'oneza:
"Haya, changamka basi, bwana mkubwa.
Nitachelewa mnada wa wenzio."